Kulitunza jengo la ghorofa kando ya bahari: ninavyofanya Malindi

Kabla hujasoma zaidi, tafuta nyundo ndogo na kipande cha chaki. Panda ngazi hadi kwenye roshani yoyote inayotazama bahari, inua mkono, gonga dari yake taratibu. Zege zima hulia sauti kali, kavu, na nyundo inakurudia mkononi. Zege lililoachana na chuma chake hulia bubu, kama unayegonga kifuu kitupu. Ukiisikia hiyo sauti ya pili, izungushie chaki. Kazi umeshaianza, na karibu kila nitakaloandika hapa linatoka ndani ya duara hilo.

Mimi ni mtunza jengo. Wapangaji wananiita Bi, na barua za wenye nyumba zinaniita keateka. Jengo letu liko upande wa Casuarina, lina ghorofa tano na nyumba ishirini, na kutoka langoni kwetu hadi mchangani ni mwendo wa dakika nne kwa mguu. Kwa mtu wa Mombasa ghorofa tano ni kitu cha kawaida. Hapa kwetu, ukisimama juu ya paa letu, unayapita makuti na minazi kwa macho hadi kule maji yanakogeuka rangi ya udongo, mto Sabaki unakomwaga. Kazi hii aliianza marehemu mume wangu, fundi wa mabomba na pampu, nami nikimbebea spana. Alipofariki mwaka 2011, mwenye jengo aliniomba nishike funguo mwezi mmoja tu, mpaka apatikane mtu. Funguo ninazo hadi leo.

Namwandikia yeyote aliyekabidhiwa jengo kama hili, na pia mpangaji anayetaka kujua analaza wanawe chini ya dari ya namna gani.

Adui mwenyewe

Upepo wa bahari unabeba vitone vya maji ya chumvi. Vinatua ukutani na kukauka, chumvi inabaki. Usiku umande unaiyeyusha, na zege linainywa, kwa kuwa zege, hata lile zuri, lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndani yake mna nondo, zile fito za chuma zinazolishika zege. Saruji ina ukali kama wa magadi, na ukali huo huivisha nondo utando mwembamba unaoizuia isishike kutu. Chumvi ikifika pale, inautoboa utando. Kutu ikishaanza haitoshei tena mahali ilipokuwa nondo: inafura, inataka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege halina pa kukwepea, linapasuka kutoka ndani. Kwenye ufa ule maji na chumvi vinapata njia ya mkato, na mwaka unaofuata mambo yanakwenda mbio zaidi.

Kwa hiyo ukiona ufa wenye mchirizi wa rangi ya chai, jua kwamba ugonjwa una miaka kadhaa, na wewe ndiyo kwanza unaletewa habari.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Nenda Gede, kilomita kama 16 kutoka hapa, uzitazame zile kuta za matumbawe na chokaa ambazo UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia mwaka 2024. Zimeachwa mahame kwa karne kadhaa na bado zimesimama, na ndani yake hamna nondo hata moja ya kufura. Nyumba za kale za Lamu nazo zilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, haufiki mita tatu. Nondo ndiyo iliyotupa sebule pana na ghorofa ya tano. Sasa inatudai tuilinde.

Kugonga

Nagonga jengo zima mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Februari, kaskazi ikivuma na kuta zikiwa kavu, ili nipate muda wa kutengeneza kabla ya masika. Mara ya pili ni Oktoba, kusi ikishachoka. Kusi ndiyo inayotupiga zaidi, hivyo upande wa kusini mashariki naupa siku nzima peke yake. Pande nyingine tatu namaliza kwa siku mbili.

Anza juu, shuka chini, usiruke nyumba. Mtu akikuambia "kwangu hakuna kitu, Bi", muombe kwa adabu uingie hivyohivyo, maana dari ya roshani yake ni sakafu ya mwenzake. Beba daftari. Langu lina kurasa mbili kwa kila ghorofa: upande mmoja nimechora ramani ya ghorofa kwa kalamu ya wino, upande wa pili naandika kwa penseli namba ya alama, tarehe, ukubwa kwa sentimita, na neno moja: bubu, ufa, doa, au maji. Usitegemee kichwa. Mimi nilidhani nakumbuka kila doa la jengo hili, mpaka nilipolinganisha daftari la mwaka mmoja na la mwaka uliofuata, nikakuta duara la upana wa sahani limekuwa la upana wa sinia.

Mahali pa kugonga kwa makini zaidi ni ukingo wa mbele wa roshani, kwa chini, pale tone la maji linaponing'inia kabla halijaanguka. Pale hapakauki. Kisha dari zilizo chini ya bafu na vyoo. Kisha kila mahali bomba linapotoboa zege. Kisha ukuta mfupi unaozunguka paa, ambao watu huusahau kwa kuwa hakuna anayekaa huko. Mwisho, na hapa chuchumaa kabisa, ni miguu ya nguzo za ghorofa ya chini, nusu mita ya kwanza kutoka ardhini. Kwetu watu walikuwa wakiosha magari hapo kwa maji ya kisima, na maji ya kisima chetu yana chumvichumvi. Miaka yote hiyo tulikuwa tukizinywesha nguzo chumvi kwa ndoo. Niliwahamishia uoshaji nje ya lango, na hakuna siku niliyopigiwa kelele kama ile.

Nyufa hazifanani. Zile nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui mara nyingi ni plasta tu iliyokauka haraka, ziandike, usikeshe. Ufa ulionyooka, unaofuata mstari mmoja chini ya roshani au kwenye nguzo kwa urefu, huo unaifuata nondo. Gonga pembeni yake, utaisikia bubu. Ufa wa mshazari kwenye nguzo au kwenye bimu, ile boriti ya zege, au ufa unaopitisha kadi ya benki, usiuwekee hata chaki. Mpigie injinia siku hiyohiyo, na wahamishe watu waliolala chini yake. Halikadhalika milango miwili mitatu ya upande mmoja ikianza kukwama wiki moja bila mvua, usimwite seremala kwanza.

Ili ujue kama ufa unatembea, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe ukutani papo hapo. Halafu paka jipsamu laini katikati ya ufa, kipande cha upana wa vidole viwili. Jipsamu haivumilii kunyooshwa. Ufa ukisogea hata unywele, inakatika. Nina vipande saba vya namna hiyo jengoni. Nikipanda asubuhi kufungua valvu huvitazama kama mtu anavyotazama watoto waliolala.

Naeleza kugonga kwa kirefu kwa sababu ya jambo lililotokea 2014. Kijana wa ghorofa ya tatu alinishukia ngazini, akaniamkia, akasema, "Bi, kuna mchanga unadondoka kwenye nguo zangu nikianika."

Nikamwambia, "Doa lile nalijua, mwanangu. Tulishalipaka plasta."

Kweli tulilipaka. Miaka miwili kabla, fundi alikuja, akakwangua palipovimba, akatia plasta, akapaka rangi, akaondoka, nami nikatia saini. Usiku wa tatu baada ya kijana kuniambia, kipande cha zege kikubwa kama mbuzi ya kukunia nazi kilianguka kwenye roshani yake. Mchana mwanawe wa miaka minne alikuwa akicheza pale pale na magari yake ya mabati. Niliketi kwenye roshani ile hadi alfajiri. Kwenye kile kipande plasta ilikuwa nzima kabisa, nzuri, laini, na nyuma yake kutu nene kama ganda la mkate.

Nilikuwa nimeona, na nilikuwa nimeficha.

Miaka saba baadaye nikasikia habari za Surfside, mji wa ufukweni karibu na Miami, Marekani. Tarehe 24 Juni 2021, usiku wa manane, sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 12 lenye nyumba 136, lililojengwa 1981, liliporomoka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98. Mwaka 2018 injinia alikuwa ameandika kwamba sakafu ya nje penye bwawa la kuogelea imeshindwa kuzuia maji, na zege lililo chini yake limeharibika. Yalikuwa yameandikwa, na matengenezo ya zege hilo yalikuwa bado hayajaanza. Wakati ule nilikuwa na madaftari saba ya kugonga. Usiku huo niliyatoa yote, nikayapitia alama kwa alama nikitafuta zile nilizoandika bila kuzitengeneza. Zilikuwa kumi na moja.

Kutengeneza palipooza

Hapa nakusihi usikubali njia ya mkato. Kupaka plasta juu ya kutu ni kumfunika mgonjwa shuka.

Nguzo na bimu usiziguse bila injinia aliyesajiliwa kusimama hapo. Kuchimba nguzo inayobeba ghorofa nne, hata kwa nia njema, ni kuiondolea nguvu. Ninachokieleza ni cha roshani, kingo na dari ndogo, na hata hizo tegemeza kwanza kwa miti imara kutoka sakafu ya chini yake.

Fundi achimbe mpaka nyuma ya nondo, kidole kipite kati ya nondo na zege la ndani. Wengi huishia pale nondo inapoonekana uso. Uso wa mbele ukisuguliwa na mgongo ukabaki na kutu, umepoteza pesa. Achimbe kuifuata nondo kulia na kushoto hadi afike chuma kisafi, kisha aongeze upana wa kiganja. Asugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae. Nondo ya milimita 12 ikiwa imebaki 10, simama, injinia aseme kama itaongezwa nyingine pembeni yake. Osha kwa maji baridi ya kunywa, kausha, paka rangi ya zinki ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kabla usiku wa bahari haujaishika. Kisha lowesha zege la zamani ili lisinyonye maji ya jipya, jaza kwa tabaka, ukishindilia. Kati ya nondo na hewa ya nje pawe na zege lisilopungua milimita 40. Funika kwa magunia mabichi siku saba, na mtu awe wa kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Kwangu hiyo ni kazi ya msichana wa ghorofa ya pili, aliyemaliza kidato cha nne, na hajawahi kusahau.

Maji na mchanga ndivyo vitakavyokuponza. Nimewahi kumkuta fundi akichanganya zege la kiraka kwa maji ya kisimani, yale yale yaliyotuletea ugonjwa. Sikumlaumu sana, mfereji ulikuwa mkavu siku ya tatu na yeye alitaka kumaliza. Tangu hapo kabla ya kiraka chochote naweka akiba ya madumu kumi ya maji matamu yenye alama nyekundu. Na mchanga nauonja. Natia konzi moja kwenye bilauri ya maji ya kunywa, nakoroga, naacha utulie kiasi cha kunywa kahawa, kisha naonja yale maji. Ukisikia chumvi ulimini, mchanga huo umetoka ufuoni, hata muuzaji akiapa kwamba ni wa mtoni. Lori moja nililirudisha lilikotoka mbele ya mwenye jengo, na yeye mwenyewe akaonja.

Jambo la mwisho kuhusu viraka, nililojifunza kwa gharama: kutu hupenda kuhama. Kiraka kipya kikiwa kizima, kutu huweza kushika kasi pembeni yake, pale zege la zamani lenye chumvi linapokutana na jipya. Kwa hiyo miezi sita baadaye gonga kuzunguka kiraka, upana wa mkono kila upande.

Maji ya juu na ya chini

Malindi tunakunywa maji ya Baricho, yanayovutwa kando ya Sabaki. Hayatoki kila siku kila saa, hivyo kila jengo la ghorofa lina tangi la chini, pampu, na matangi ya juu ya paa. Matangi hayo ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote uliouweka juu ya kichwa chako. Lita moja ni kilo moja. Sisi tuna matangi matatu ya lita 5,000, yaani tani 15 yakijaa, kama magari madogo kumi na tano yaliyoegeshwa juu ya kitanda cha mtu. Yapo mahali alipopaonyesha injinia, juu ya nguzo. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya tano aliwahi kuniomba aongeze lake dogo, "la lita elfu moja tu, Bi", aliweke katikati ya paa, karibu na jiko lake. Nilimpandisha nikamwonyesha kwamba chini ya pale pote ni hewa na sebule yake. Hakurudia.

Tangi likifurika, maji yaelekee wapi? Hilo ni swali la kuuliza siku ya kwanza. Floti, lile boya la kuzuia maji tangi likijaa, ikikwama usiku, pampu itasukuma maji hadi alfajiri. Bomba la kufurika likiwa linamwaga juu ya paa, unalowesha zege bure, na hakuna atakayejua. Letu nimelishusha kwa nje hadi mbele ya dirisha la chumba changu, likimwagia kwenye bati. Likianza kugonga bati naamka.

Paa lenyewe lisikae na maji. Saa moja baada ya mvua panda, tazama madimbwi, yachore kwenye daftari. Dimbwi linalobaki hadi kesho linahitaji kuinuliwa kwa saruji ili maji yashuke kwenye tundu lake. Matundu hayo kunguru huyaziba. Hawa kunguru wetu wa mjini hubeba mifupa ya samaki, vipande vya waya, hata vijiko, wakavipanga mdomoni mwa bomba la paa. Wiki ya mwisho ya Machi nayasafisha yote kwa mkono na kuvika kila moja wavu wa waya, maana Mei kwetu ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote, na ukingoja Mei umechelewa.

Kuosha matangi nafanya mara mbili kwa mwaka, moja moja, ili nyumba zisikose maji. Toa maji, sugua tope la chini, suuza. Jaza tena, tia dawa ya klorini ya dukani, ile ya kufulia isiyo na manukato yenye klorini asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa kila lita 1,000 za maji. Funga valvu za kwenda nyumbani, acha kwa muda wa saa kumi na mbili. Kisha mwaga nje barabarani, usimwage kwenye septiki, kwani dawa hiyo huua vijidudu vinavyokula uchafu, na wiki mbili zitakazofuata jengo zima litanuka. Jaza maji safi, mwaga, jaza tena. Wape wapangaji tarehe kwa maandishi siku tatu kabla, na mwenye mtoto mchanga mgongee mlango.

Kuhusu septiki nitasema kidogo. Chini yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu kama sponji, kinachoingia shimoni kinafika kisimani. Maji ya kisima cha jengo ni ya kusukumia choo tu, asinywe mtu, wala asioshee matunda. Gari la kunyonya maji taka liitwe kabla shimo halijajaa. Ukingoja harufu, umeshachelewa.

Kuosha chumvi

Watu huosha gari, hawaoshi jengo. Kila mwezi wakati wa kusi, na kila miezi miwili wakati wa kaskazi, futa kwa kitambaa chenye maji matamu grili za madirisha, bawaba, makomeo na vyuma vya ngazi ya nje. Usipige maji kwa mpira. Bawaba zitie grisi. Rangi ya grili ikichubuka hata kwa upana wa shilingi, kwangua na upake wiki hiyohiyo.

Mashine za kupoza hewa zimeongezeka sana hapa, na kila moja inadondosha maji. Mtu wa ghorofa ya nne anadhani anamwagilia hewa, kumbe anamwagilia ukingo wa roshani ya ghorofa ya tatu, usiku na mchana, mahali pale pale. Kila mashine iwe na bomba lake la maji hadi chini. Hili nalisimamia bila huruma, na wageni wa likizo ndio wagumu zaidi.

Rangi ya nje tunapaka Januari hadi mapema Machi. Plasta mpya iache siku 28 kabla ya kuipaka. Kabla ya brashi kugusa ukuta, osheni ukuta wote kwa maji matamu. Rangi juu ya chumvi inabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua.

Kuwapata watu wakubali

Nyundo ni rahisi kuliko mkutano. Jengo letu zamani lilikuwa la mtu mmoja, sasa nyumba kumi na mbili zimeuzwa na kila mwenyewe ana neno. Kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, wenye nyumba huwa na shirika lao, na sehemu za pamoja kama paa, nguzo na ngazi huwa ni jukumu la shirika hilo, hata kwa yule anayekaa Ujerumani na kuja Desemba tu. Lakini sheria haishiki mwiko. Mwaka wa kwanza nilisoma taarifa yangu ukurasa kwa ukurasa, wakaniambia, "Ahsante sana Bi, tutaangalia", wakarudi kwenye habari ya rangi ya lango.

Mwaka wa pili sikusoma. Niliwapandisha wote ghorofa ya tatu, nikampa nyundo mzee mmoja mwenye nyumba mbili, mtu anayeheshimiwa msikitini na asiyependa kutoa pesa. Nikamwambia, "Gonga hapa, mzee wangu. Sasa gonga hapa." Akagonga palipo pazima. Akagonga ndani ya duara. Akasimama kidogo, akagonga tena ndani ya duara, kwa upole zaidi, kama mtu aliyebisha hodi na hataki kuitikiwa. Kisha akampa mkewe nyundo. Ilizunguka kwa watu tisa. Hatukurudi kwenye habari ya lango; jioni ile walikubaliana kila nyumba itoe fungu la kila mwezi la matengenezo, liwekwe akaunti yake, lisiguswe kwa taa wala kwa maua.

Ukiitisha pesa, onyesha kipimo na tarehe, na ukishatengeneza wapigie picha nondo ikiwa imesuguliwa kabla haijafunikwa. Mtu akishaona chuma kinang'aa anajua pesa yake iko wapi. Picha hizo nazibandika nyuma ya mlango wa chumba cha pampu pamoja na namba ya simu ya injinia, ile ya fundi wa mabomba, na ufunguo wa valvu kubwa ukining'inia kwenye msumari.

Daftari halikai kwangu peke yangu. Nakala moja iko kwa mzee wa nyundo, nyingine kwa yule msichana wa magunia, ambaye Oktoba iliyopita alianza kugonga upande wa kaskazini mwenyewe huku mimi nikiandika. Aliposikia bubu kwenye ukingo wa ghorofa ya nne alinigeukia kuniuliza kama amesikia sawa. Nilimwambia agonge tena, kisha nikampa chaki.